Kuiwekea zahanati na shule ya kijijini taa za sola zitakazodumu

Niliwahi kufika usiku kwenye zahanati moja ambayo juu ya bati lake kulikuwa na paneli mbili nzuri za sola, na ndani nikamkuta muuguzi aliyekuwa ametoka tu kumzalisha mama kwa mwanga wa tochi ya simu, simu yenyewe ikiwa bado inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Paneli zilikuwa nzima, na nyaya pia. Kilichokufa ni betri, mwaka wa tatu baada ya mfadhili kukabidhi mradi. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe, na maji ya ndani yalikuwa yamekauka hadi bamba za madini ya risasi zikawa zinaonekana. Hapakuwa na mwizi wala mharibifu. Hapakuwa na fedha ya kununua betri nyingine, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuna aliyekuwa ameipangia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za shule, kamati za usimamizi wa vituo vya afya, na wenyeji wanaofanya kazi mjini ambao wangependa kupeleka mwanga walikozaliwa. Ukubwa wa tatizo unafahamika: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake walitoa taarifa kwamba watu wanaokaribia bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Mifano nitakayotoa ni ya Tanzania, ambako taratibu ninazozijua ndizo zinazotumika.

Kabla ya kununua chochote

Anzeni kwa kuuliza kama umeme wa gridi utafika, na lini. Kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, vijiji karibu vyote vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na nguzo, na kazi kubwa iliyobaki ni ya vitongoji na visiwa. Hata hivyo, kijiji kuhesabiwa kuwa kimefikiwa si sawa na zahanati yake kuunganishwa, kwani mara nyingi transfoma iko senta, ilhali shule iko kilomita tatu kutoka hapo, ng'ambo ya mto. Andikeni barua kwa TANESCO wilayani na msubiri jibu la maandishi. Ikiwa gharama ya kuunganishwa inabebeka, unganisheni, kisha wekeni mfumo mdogo wa sola kwa ajili ya chumba cha kujifungulia peke yake, kwa kuwa gridi nayo hukatika, na uniti za LUKU zinaweza kuisha saa nane za usiku wakati mwenye fedha amelala nyumbani kwake.

Jambo la pili ni betri ya pili. Ninaliweka mbele ya paneli kwa makusudi. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Betri za risasi na asidi, zikitunzwa, hudumu miaka mitatu hadi mitano, na za lithiamu aina ya fosfati ya chuma zinaweza kukaribia kumi. Kwa hiyo anayetoa fedha za kununua mfumo anatoa mwanga wa miaka michache tu, na miaka inayofuata ni juu ya kijiji na halmashauri. Chukueni bei ya betri, muigawe kwa miezi mnayotarajia zidumu. Kwa mfano, ikiwa zimegharimu shilingi 1,200,000 na zinatarajiwa kudumu miezi 48, mnapaswa kuweka akiba ya shilingi 25,000 kila mwezi, na ni busara kuifanya 30,000 kwa sababu bei hupanda. Kwa zahanati, kiasi hicho kiingizwe katika mpango na bajeti ya kituo, ili kionekane pia katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri; kwa shule, kijadiliwe na kamati ya shule pamoja na matumizi mengine ya ruzuku ya uendeshaji. Uamuzi huo usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na uandikwe kwenye muhtasari. Kama hakuna mtu aliye tayari kusaini kwamba akiba hiyo itawekwa, ningeshauri ununuzi usubiri.

Jambo la tatu ni kwenda kukaa kwenye jengo usiku. Mpango uliochorwa mchana huweka taa katikati ya kila chumba, utadhani vyumba vyote ni sebule. Ukikaa na muuguzi wa zamu kuanzia saa mbili hadi usiku wa manane, unaona kwamba njia ya kwenda chooni ina giza na wazazi wanaiogopa, kwamba kadi za dawa zinasomewa kwenye kona ya kabati, na kwamba taa ikiwa nyuma ya mkunga, kivuli chake mwenyewe kinaangukia pale anapofanyia kazi. Mwulizeni yeye taa iwekwe wapi, kisha mtie alama ukutani kwa chaki usiku huohuo.

Hesabu ya zahanati

Kila taa ina wati zake na saa zake za kuwaka kwa siku. Zidisheni, mtapata wati-saa. Chukulieni zahanati ya kawaida. Chumba cha kujifungulia kina taa mbili za LED za wati 10 zinazowaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, yaani wati-saa 240, pamoja na taa moja ya wati 10 yenye shingo inayopindika, ya kushonea na kuchunguzia, kwa saa tatu, yaani 30. Chumba cha mapumziko cha wazazi kina taa mbili za wati 5 usiku kucha, 120. Mapokezi, korido na chumba cha dawa vina taa tatu za wati 5 kwa saa nne, 60. Nje kuna taa mbili za wati 10 usiku kucha, 240. Nyumba ya muuguzi ina taa tatu za wati 5 kwa saa tano, 75. Msiiache, kwa sababu mtumishi anayekaa gizani huomba uhamisho. Ongezeni 35 za kuchaji simu ya kituo na tochi ya kuvaa kichwani. Jumla ni wati-saa 800 kwa siku.

Sehemu ya umeme hupotea kwenye nyaya, kwenye betri na kwa joto la paneli, kwa hiyo ongezeni asilimia 30, mpate wati-saa 1,040. Kisha gawanyeni kwa saa za jua kali za mwezi mbaya kuliko yote, si za mwezi mzuri. Kwa sehemu nyingi za nchi, saa nne ni kadirio la tahadhari kwa msimu wa mvua. Jibu ni wati 260, kwa hiyo nunueni paneli za wati 300.

Betri ibebe siku mbili za mawingu, yaani wati-saa 1,600. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mnahitaji yenye uwezo wa wati-saa 3,200; kwa volti 12 hizo ni takriban ampea-saa 267, ambazo mtazipata kwa betri mbili za 150. Betri ya lithiamu inaruhusu kutumia asilimia 80, hivyo wati-saa 2,000 zinatosha. Bei yake ya dukani inatisha, lakini ukiigawa kwa miaka ya kudumu na kukumbuka kwamba haiongezwi maji, mara nyingi ndiyo nafuu zaidi kwa kituo kilicho mbali na mji.

Friji ya chanjo isiunganishwe kwenye mfumo huu hata kidogo. Zipo friji za chanjo zinazoendeshwa moja kwa moja na paneli zake zenyewe bila betri ya umeme, na huo ndio utaratibu salama, kwa sababu chanjo zikiharibika ni watoto wa kata nzima wanaokosa. Birika, pasi na jiko la umeme navyo vikatazwe kwa maandishi.

Chagueni balbu zenye uwezo mzuri wa kuonyesha rangi; kwenye boksi kipimo hicho huandikwa CRI, nacho kisiwe chini ya 80. Mkunga anahitaji kuona kama midomo ya mtoto mchanga imebadilika rangi, na kama damu inayotoka ni ya kawaida, mambo ambayo LED duni ya mwanga wa kibuluu humficha.

Ikiwa hesabu yote hii haiwezekani kwa sasa, upo mfumo uliokwisha kupangwa. Mwaka 2008 Laura Stachel, daktari wa uzazi kutoka Marekani, alishuhudia kaskazini mwa Nigeria wanawake wakihudumiwa gizani, na pamoja na mumewe, Hal Aronson, wakabuni sanduku la sola lenye taa, betri na kidhibiti ndani yake, ambalo shirika lao la We Care Solar limelipeleka katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Ubora wake ni kwamba halina inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) ya kuharibika.

Shule

Kwa shule ni rahisi zaidi, kwa kuwa mwanga mwingi unahitajika mchana na jua lipo bure. Kabla ya taa, pakeni kuta za ndani chokaa nyeupe, futeni vumbi la chaki madirishani, na badilisheni bati moja au mawili ya kila darasa yawe ya plastiki inayopitisha mwanga. Kisha chagueni madarasa mawili ya kusomea jioni, la nne na la saba yakiwa ya kwanza kwa sababu ya mitihani, badala ya kutawanya taa moja moja shule nzima. Darasa la mita saba kwa tisa linahitaji taa ndefu za LED zipatazo sita za wati 18. Kwa madarasa mawili na saa tatu kila jioni hizo ni wati-saa 648. Ofisi ya walimu na nyumba zao zihesabiwe pembeni. Wekeni pia taa ya nje kwenye njia na chooni, kwani wasichana hawatabaki kujisomea kama wanaogopa kurudi nyumbani.

Kununua na kufunga

Swali la volti 12 au umeme wa kawaida wa volti 230 lina majibu mawili. Chumba cha kujifungulia nakiwekea volti 12, bila inveta, ili kifaa kimoja kikiungua mama asiachwe gizani. Shule naiwekea nyaya za volti 230 zilizofungwa kwa kiwango cha gridi, kwa sababu balbu zake zinapatikana kila duka la senta, na siku TANESCO itakapofika hakuna cha kung'oa. Mkitumia volti 12, msikubali waya mwembamba: taa ya mwisho itafifia, na fundi atawaambia betri ni mbovu. Mlipeni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, au aliyesomea sola katika chuo cha ufundi cha VETA, na kwa mifumo midogo iliyokwisha kufungashwa tafuteni iliyothibitishwa na VeraSol, mpango wa kimataifa wa kukagua ubora wa vifaa vya sola.

Kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, paneli zielekezwe kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Ziachwe na nafasi ya kupitisha hewa kati yake na bati, maana paneli ikipata joto huzalisha kidogo. Kagueni kivuli saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Tawi moja la mwembe linaweza kuua nguvu ya paneli nzima. Ili kuzuia wizi, fremu ichomelewe kwa chuma, na jina la shule liandikwe nyuma ya paneli kwa rangi isiyofutika.

Betri zikae juu ya mbao, kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa, mbali na dawa na mbali na watoto, zikiwa na fyuzi karibu na kichwa cha betri. Chaji kontrola, yaani kidhibiti kilicho kati ya paneli, betri na taa, ikikata umeme usiku, inailinda betri isishuke kupita kiasi. Nimeona mara nyingi mtu akiiruka kontrola na kuunga waya moja kwa moja ili mechi iishe kuangaliwa. Betri iliyotendewa hivyo mara kadhaa haimalizi mwaka.

Baada ya makabidhiano

Chagueni watu wawili wa kushika funguo na daftari, na angalau mmoja awe mkazi asiyehamishwa kikazi. Huko Unguja, kituo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya darasani, kufunga na kutengeneza sola, na hoja yao ni sahihi: mama mwenye familia kijijini atakuwepo miaka kumi ijayo, ilhali kijana mwenye cheti huenda akahamia mjini. Kazi yenyewe si ngumu. Paneli zifutwe kwa kitambaa laini na maji asubuhi na mapema, kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Betri za risasi zikaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe si ya kisima. Vichwa vyake visuguliwe na kupakwa grisi. Kila jambo liandikwe na tarehe yake, pamoja na taa zilizozimika na saa zilipozimika, kwa maana taa zikianza kuzimika saa nne usiku badala ya alfajiri, betri inawaaga miezi kadhaa kabla ya kufa.

Kuchaji simu za wanakijiji kwa malipo kunaweza kuchangia mfuko, ila kufanyike mchana tu, jua likiwa kali, na mapato yaingie kwenye daftari lilelile.

Siku ya kufunga betri, andikeni juu yake kwa rangi tarehe ya kuwekwa na mwezi mnaotarajia kuibadilisha. Itakapobadilishwa, ile ya zamani irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri chakavu, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa manunuzi tangu mwanzo. Isiachwe nyuma ya darasa, kwa sababu risasi iliyomo ndani yake huharibu akili za watoto, na watoto ndio wanaocheza huko.