SOMO: Siku ya Hija kwa watoto wa praimari, hatua kwa hatua (soma yote kwanza ndio uulize)

Assalamu alaykum walimu wenzangu na wazazi. Kila Mfunguo Pili ikiandama simu yangu haipumui, "ustadh mlifanyaje ile Hija ya watoto", yaani igizo la Hija la kuwafunza shuleni, na naandika yale yale kwa kila mtu mpaka kidole gumba kinauma. Basi naweka hapa mara moja, ukiniuliza inboksi nakutumia linki ya hapa na sikuongezi neno.

Hii ni ya Gredi 1 mpaka 6, watoto mia mbili hivi, kiwanja cha shule ya Nairobi yaani kidogo, kuna matope upande mmoja na basi la shule limepaki upande wa pili. Kama shule yenu ina uwanja wa mpira mzima mshukuruni Mungu na mpanue.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Shule nyingi nilizoona zinamaliza pesa na nguvu zote kwenye Kaaba, vitambaa, dhahabu, picha, halafu Arafa, kile kisimamo cha dua uwandani, inafanywa dakika tatu karibu na choo. Mtume (s.a.w.) amesema Hija ni Arafa. Mtoto akitoka hapo anadhani Hija ni kuzunguka kisanduku cheusi, hamjamfunza kitu. Kwa hivyo mpango wangu unaanza kwingine, na msinipangie upya kisha mje kulia.

1. Tarehe. Wiki ya kwanza ya Mfunguo Tatu (Dhulhija, mwezi wa Hija), kabla ya tarehe 8 Hija yenyewe inapoanza. Siku ya Arafa yenyewe hapana, walimu nusu wamefunga. Na usikopi tarehe ya mwaka jana, mwezi unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2024 Idi ya kuchinja ilikuwa katikati ya Juni, 2025 ikaangukia mwanzo wa Juni, sasa tunaelekea Mei ambako masika bado iko. Muwe na ukumbi wa akiba.

2. Barua kwa wazazi. Wiki mbili kabla. Weka na kisanduku cha ruhusa ya picha, si kila mzazi anataka mtoto wake azunguke kwenye magrupu ya WhatsApp.

3. Ihramu, vazi la Hija. Wavulana shuka mbili nyeupe, shuka moja la kitanda la sita kwa sita ukilikata vizuri linatosha watoto wawili wa gredi za chini. Ndani wavae kaptula, na waambieni wazi kwamba Hija ya kweli mwanamume havai nguo iliyoshonwa, hii kaptula ni ya stara ya shuleni tu kwa sababu shuka ITADONDOKA. Mkanda kiunoni, hata mahujaji wanafunga mikanda. Pini hapana, zinachoma. Wasichana wavae nguo zao za kawaida za stara, rangi yoyote, bila nikabu wala glavu. Si lazima nyeupe! Tafadhali msiwatume wazazi Eastleigh kununua abaya nyeupe ya siku moja.

Na wote wakishavaa nyeupe hutamjua nani ni nani. Kila mtoto kipande cha masking tepu kwenye mkono, gredi na jina la mwalimu wake.

4. Makundi. Watoto 20 kwa kundi, kila kundi lina bendera ya nchi na mwalimu mmoja mbele mmoja nyuma. Wapeni nchi tofauti tofauti, Indonesia, Senegali, Bosnia, Kenya, wajue mahujaji wanatoka wapi. Talbiya, ule wito wa mahujaji "Labbayka", wafundishwe wiki nzima asubuhi paredi, siku yenyewe si ya kufundisha Labbayka.

5. Mpangilio wa njia. Hapa ndipo siri. Msianze na tawafu, yaani kuzunguka Kaaba mara saba. Fuateni ifradi, yaani Hija peke yake bila Umra, mtoto anatia ihramu langoni na anakwenda moja kwa moja Mina, kisha Arafa, Muzdalifa pa kulala usiku, Jamarat pa kurushia vijiwe, na tawafu na sa'i (kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa) zinakuja mwisho. Tawafu ya kufika kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ni suna kwa hivyo hamjavunja nguzo, na mnazunguka mara moja badala ya mara mbili. Walimu wa dini wenye madhehebu mengine wawaelezee watoto darasani tofauti iko wapi.

6. Mina. Leso juu ya kamba za nguo, ndio mahema. Uji au juisi hapa. Dakika kumi na tano.

7. Arafa. Kona ya mbali kabisa ya kiwanja, wawe wametembea mpaka wachoke kidogo. Mikeka. Mwanafunzi wa Gredi 6 asome sehemu fupi ya khutba ya kuaga, ile Mtume aliyoitoa hapo Arafa mwaka wa 10 Hijria, kisha KIMYA. Spika zimeni, hakuna kaswida, hakuna mwalimu anapiga picha. Kila mtoto ana karatasi anaandika dua yake, wa Gredi 1 wachore. Karatasi haisomwi na mtu, anaikunja anaenda nayo nyumbani. Mtashangaa watoto watundu wanavyotulia.

8. Muzdalifa. Darasa lililofungwa mapazia liwe giza, walale chini dakika tano, kisha waokote vijiwe saba. Saba tu, si begi zima.

9. Jamarat. Vijiwe ni sponji, godoro kuukuu likatwe vipande vya ukubwa wa punje mbili tatu za hindi. Lengo lisiwe sanamu! Tangu 2004 zile nguzo tatu za kule Mina zimefanywa kuta ndefu, kwa hivyo simamisha ubao au meza kwa ubavu. Mzazi akileta kinyago chenye pembe mrudishie kwa heshima, shetani hakufungwa pale, sisi tunafuata alivyofanya Nabii Ibrahim. Kundi moja moja, warushe upande mmoja, watoke upande wa pili, HAKUNA kurudi nyuma kuokota sponji.

10. Kuchinja na kunyoa. Hadithi ya Ibrahim na Ismail, basi. Mkasi usionekane.

11. Tawafu. Sasa tulia usome, hii ndiyo iliyotutoa jasho. Kaaba inakuwa kushoto kwako, mnaanzia usawa wa Jiwe Jeusi lililo kwenye kona yake, mnakwenda kinyume cha saa, kila mtu anajua kwa mdomo. Lakini mwalimu anayeongoza kwa kuwatazama watoto huku anarudi kinyumenyume, kushoto kwake ni kulia kwao, akinyoosha mkono "huku, huku" kundi la mbele linageuka huku na la nyuma lishaanza kule, mnakutana uso kwa uso, watoto wa Gredi 1 wako katikati na shuka ziko chini ya miguu ya watu. Kwa hivyo mwongozaji awape MGONGO. Chora mishale ya chaki chini tangu jana yake na mtu mwingine aikague. Njia moja ya kuingia, nyingine ya kutoka, na isizidi makundi matatu kwa wakati mmoja, wadogo duara la ndani peke yao.

Kaaba yenyewe: makatoni ya friji juu ya fremu, fundi yeyote wa Kamukunji atakuchomelea fremu ya vyuma vyembamba, halafu kitambaa cheusi na mkanda wa dhahabu. Ndani weka matofali. Makatoni matupu yanaangushwa na upepo tu, au na mtoto mmoja anayetaka kubusu Jiwe, na wote watataka kubusu. Kanuni ni kuashiria kwa mkono kutoka mbali, hata kule Makka wengi ndivyo wanavyofanya. Zungusha kamba hatua mbili kutoka kwenye Kaaba. Na msisahau Hijr Ismail, ule ukuta wa nusu duara, wekeni benchi fupi na mpite NJE yake, maana pale ndani ni sehemu ya Kaaba na anayekatiza tawafu yake haijatimia.

Hesabu: kila mtoto raba bendi saba mkono wa kulia, kila mzunguko anahamisha moja kushoto. Msipunguze zikawa tatu eti muda umekwisha. Mtoto atakua na tatu kichwani.

12. Sa'i. Safa mpaka Marwa ni moja, kurudi ni mbili, mnamalizia Marwa. Veranda inatosha. Tepu ya kijani pale pa kukimbia wavulana.

13. Maji ya Zamzam mkipata, tende, nyumbani.

MASWALI

MamaWatatu: Mashallah somo zuri sana. Sasa wasichana wavae nini?

Mwandishi: Hatua ya 3.

MamaWatatu: Nimeona. Ila nyeupe si ndio inapendeza kwa picha?

Mwandishi: Hatua ya 3, mama.

kijana_wa_Majengo: Kwa nini sponji? Si mtumie changarawe wapate uhalisia, mnawalea watoto kama mayai

Mwandishi: Kwa sababu kila mtoto ana macho mawili na mzazi mmoja mwenye namba ya wakili.

kijana_wa_Majengo: Haya maharagwe basi

Mwandishi: Chakula hakirushwi. Swali lingine.

Ustadh_SouthC: Ahsante sheikh. Kwetu imamu hataki kabisa mfano wa Kaaba, anaogopa watoto wataichukulia ni ibada. Tufanyeje?

Mwandishi: Ana haki ya kuogopa, na wapo masheikh wengi wenye msimamo huo. Mimi nashauri mkae naye kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa, msimletee jambo likiwa limeshajengwa. Mnaweza kufanya yote haya bila Kaaba: chora duara chini, katikati weka meza ndogo na picha ya Masjid al-Haram, watoto wajifunze wanaanzia wapi na wanazungukaje. Hata mkiijenga, asubuhi waambieni haya ni mazoezi, hakuna kutia nia, na ikiisha ifumueni siku hiyo hiyo, msiiache kwenye korido wiki mbili. Na kwa mpango wangu Arafa ndiyo moyo wa siku, mtaona duara halipunguzi kitu.

Ustadh_SouthC: Allah akujazi kheri. Nitampelekea hiki kipande akisome mwenyewe.

shule_yetu_Kariobangi: Bei jumla ni ngapi tuma haraka tuna mkutano saa nane

Mwandishi: Watoto wangapi? Ukumbi mnao? Shuka mnakodi au wazazi wanaleta?

shule_yetu_Kariobangi: We sema tu bei

Mwandishi: Mkutano mwema.

MwalimuWaHesabu: Habari. Mimi ni Mkristo, nafunza hesabu shule ya Kiislamu huku Pangani. Kila mwaka siku hii mimi na wenzangu tunakaa stafurumu tunanywa chai kwa sababu hatujui tuingilie wapi. Kuna kitu naweza fanya au nitakosea?

Mwandishi: Swali la maana kuliko yote hapa. Wewe ndio nakutaka! Hija imejaa hesabu. Vijiwe: tarehe 10 ni saba, tarehe 11 na 12 kuta tatu mara saba kila siku, jumla 49, na anayebaki tarehe 13 anafika 70, Gredi 4 watakupa jedwali safi. Sa'i mara saba ni karibu kilomita tatu, waambie wapige hesabu wazunguke veranda mara ngapi kufikia hapo. Arafa iko kama kilomita 20 kutoka Makka, ni kama kutoka katikati ya Nairobi mpaka Kikuyu, waulize kwa miguu ni saa ngapi. Leta na dira, kutoka Nairobi kibla ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, wengi wanadhani ni mashariki kabisa. Siku yenyewe simamia kituo cha kuhesabu sa'i, hapo hakuna ibada unayoongoza na hakuna wa kukusumbua.

MwalimuWaHesabu: Asante sana. Je nikiwatengenezea pasipoti, kila kituo wanagongewa muhuri? Gredi 5 wanasoma ramani saa hii.

Mwandishi: Wallahi hiyo naiiba. Ukurasa wa Mina, wa Arafa, hivyo hivyo. Arafa tu usigonge muhuri palepale, wagongewe wakitoka, la sivyo kimya kinaisha.

BabaNasra: Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu. Mwaka jana aliwekwa kivulini ashike bendera. Hakufurahi.

Mwandishi: Na asifurahi. Kule Makka kwenye sa'i kuna njia maalumu ya viti vya magurudumu, na watu wanatufu wakisukumwa kila siku. Duara la nje la tawafu liachwe pana, asukumwe na rafiki zake kwa zamu, raba bendi zake saba anazo. Arafa ikiwa upande wa matope, hamisheni Arafa. Mwambie mwalimu mkuu mapema, umuonyeshe hapa kama atabisha.

BabaNasra: Nitamuonyesha leo jioni.

duka_la_godoro: Sponji msikate godoro zima jamani, sisi mafundi wa makochi tuna vipande tunatupa kila siku, njooni na gunia.

Mwandishi: Mmesikia. Fundi wa makochi aliye karibu nanyi, bure.

Tichawagredi2: Mihuri ya pasipoti tulichonga kwa kiazi, wino wa kawaida, inatoka vizuri ajabu. Kata nusu, kausha na kitambaa kwanza.

kijana_wa_Majengo: Kiazi si chakula?? 😂

Mwandishi: Hakirushwi, kinagongwa. Na wewe njoo siku hiyo utusaidie kuokota sponji.