Kuhuisha majaribio ya zamani ya hifadhi ya mtandao: anza na muda, lugha baadaye

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya na vijana wawili wa Iringa waliokabidhiwa rundo la majaribio ya zamani, yanayohakiki kwamba mabadiliko mapya hayajaharibu seva yao ya mafaili inayotumia NFS, yaani itifaki ya kutumia mafaili ya mashine nyingine kupitia mtandao. Majaribio yenyewe ni skripti za sheli na za Python 2, ambayo msaada wake ulikoma Januari 1, 2020, na baadhi yake hufaulu asubuhi na kufeli jioni bila mtu kugusa msimbo. Walitaka kuyaandika yote upya. Nawasihi wenye kazi kama hiyo wasianzie huko, kwa sababu skripti mbovu ya zamani mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya dosari iliyowahi kumpotezea mtu data.

Hatua ya 1. Endesha rundo zima kama lilivyo kwa usiku kadhaa, ukiandika tokeo la kila jaribio kwenye diski mara tu linapomalizika, kwani umeme ukikatika usiku, ripoti inayosubiri mwisho hupotea yote.

Hatua ya 2. Andaa mashine pepe tatu (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), seva moja na wateja wawili, yaani mashine zinazotumia mafaili ya seva. Sipendekezi kontena hapa: seva ya NFS ya Linux hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kontena za mashine moja hutumia kerneli moja, hivyo jaribio la kuangusha seva laweza kuangusha vyote. Wala huhitaji seva ikae Mbeya na mteja Iringa ili upate ucheleweshaji wa mtandao. Amri ya Linux ya tc pamoja na netem, sehemu yake ya kuiga mtandao wenye kasoro, itakupa milisekunde unazotaka, zile zile leo na kesho.

Hatua ya 3. Tafuta kila mstari wenye sleep, amri ya kusubiri kwa sekunde zilizotajwa, na usifute hata mmoja kabla ya kujua unasubiri nini. Hapa ndipo muda wote huishia.

Skripti moja ya vijana hao ilikuwa hivi: mteja wa kwanza anaongeza maandishi kwenye faili, kisha inakuja sleep 61, kisha mteja wa pili anauliza ukubwa wa faili kwa stat, amri inayosoma sifa za faili bila kulifungua. Namba hiyo haikubahatishwa. Mteja wa Linux, kwa mipangilio ya kawaida, huhifadhi nakala ya sifa za faili, kama ukubwa wake, kwa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuiuliza seva tena, na kwa saraka sekunde 30 hadi 60. Badala ya kulala, uliza tena na tena hadi ukubwa ubadilike au muda wa mwisho upite. Lakini uliza kwa stat pekee, kwa sababu kufungua faili humlazimisha mteja kuhakiki sifa zake kwa seva, na jaribio litafaulu bila kupima lilichokusudiwa. Usikimbilie pia kuweka actimeo=0, chaguo la kuunganisha NFS linalozima uhifadhi huo wa sifa, kila mahali, achilia mbali noac, ambayo juu ya hilo hulazimisha uandishi uende kwa seva papo hapo: utapata majaribio ya haraka yanayopima mfumo ambao watumiaji wako hawautumii.

Subira nyingine hufuata seva kuwashwa upya. NFSv4, toleo la nne la NFS, huwapa wateja waliokuwepo kabla ya hapo kipindi cha kudai tena kufuli zao (haki ya kulizuia faili wengine wasiliguse), ambacho kwenye Linux ni sekunde 90 kwa kawaida, na ombi la kufuli jipya hukataliwa kwa muda huo. Mteja hatangazi kosa. Hujaribu tena kimyakimya, na jaribio huonekana limeganda. Seva ikiwa haina rekodi ya mteja wa kudai, inaweza kukifunga kipindi mapema, ndiyo maana jaribio lile lile huwa la haraka siku moja na la kuchosha siku nyingine. Katika /etc/nfs.conf shusha lease-time (muda ambao haki za mteja hudumu bila kuhuishwa) na grace-time (kipindi hicho cha kudai) hadi sekunde 10, zote mbili, kabla seva haijawashwa.

Hatua ya 4. Sasa hamishia majaribio kwenye pytest, zana ya majaribio ya Python, faili moja baada ya nyingine.

Hatua ya 5. Kabla ya kufuta skripti ya zamani, rudisha kwa makusudi dosari iliyosababisha iandikwe, ukiitafuta kwenye historia ya Git, zana inayotunza mabadiliko ya msimbo. Jaribio jipya lisipofeli hapo, skripti ya zamani ibaki.