Inhela na chupa ya maji: vile tunavyotuliza pumu na mzio hapa Amu (Lamu)

Juzi bibi mmoja kaja na inhela yake ya buluu, kile kikopo cha kupuliza dawa ya pumu, kaitupa mezani, "Daktari mwanangu, dawa hii haina kazi, kifua chalia filimbi usiku kucha." Nikamwambia bibi, hebu piga nikuone. Akaachama, akapuliza mara tatu harakaharaka juu ya ulimi, moshi wote ukamtoka mdomoni ukaenda zake. Dawa ilikuwa nzima, ila mapafuni haijawahi kufika. Watu wa hivyo nawaona kila wiki, ndo maana nikasema niandike.

Hatua ya 1: jua unaumwa nini. Mafua yana homa na mwili kuuma, siku chache yameisha. Mzio (wengine mwaita aleji) hauna homa, ni macho na pua kuwasha, chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji, na unakurudia msimu ule ule. Pumu ni kifua kubana na kukohoa usiku wa manane au alfajiri, manake mirija ya hewa imevimba ndani alafu misuli yake inajikaza. Wenye pumu wengi wana na mzio wa pua, njia ni moja tu kutoka puani mpaka mapafuni, kwa hiyo pua ukiipuuza kifua nacho kitakusumbua. Ila kikohozi kikipita wiki mbili, unatoka jasho usiku na unakonda, hapo usije kuniomba inhela, kapime TB kwanza.

Hatua ya 2: mtafute mchokozi. Chukua daftari, mwezi mzima andika kila siku kifua kilipobana ulikuwa wapi. Kaskazi ikivuma kuna vumbi kavu, na vichochoro vyetu mwavijua, vumbi lenyewe lina mavi ya punda ndani. Ikiingia kusi na masika kuta za matumbawe zinalowa zinaota kuvu, nyasi zikichanua zinatoa chavua, na upande wa bara kuna miti ya mathenge. Lakini mchokozi mkubwa mara nyingi umemlalia kichwa: mto wa sufi wa tangu harusi ya nyanya yako! Utitiri wa vumbi ni wadudu wadogo hata huwaoni kwa macho, wanapenda unyevu, na Amu unyevu ndo kwao. Mito ya zamani badilisha, godoro litoe juani, shuka fua kila wiki kwa maji moto kabisa, nyuzi 60 hivi. Sasa hapa nitachukiwa: udi. Najua nyumba bila udi si nyumba, lakini moshi ni moshi, uwe wa udi, wa kuni au sigara. Fukiza nguo zako mgonjwa akiwa nje, fungua madirisha, yeye aingie baadaye.

Hatua ya 3: dawa. Ya mzio, vidonge vya cetirizine, mtu mzima miligramu 10 mara moja kwa siku, havileti usingizi sana kama vile vya zamani vya Piriton. Pua ikiziba kila siku, uliza dawa ya kupuliza puani. Za pumu ziko mbili na watu wanazichanganya sana. Ya buluu, salbutamol, inafungua mirija kwa dakika chache na saa kadhaa mbele inakwisha nguvu, uvimbe uko pale pale. Ya kahawia, mara nyingi beclomethasone, ndo inayoondoa uvimbe na inatumika kila siku hata ukijisikia mzima. Rangi zinabadilika, soma jina. Tangu 2019 mwongozo wa dunia wa pumu, GINA, unasema ya buluu peke yake haitoshi, na ukijiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki basi pumu yako haijashikwa. Ya kahawia kwa kawaida ni asubuhi na jioni, kwa hiyo Ramadhani ni daku na baada ya futari. Sukutua mdomo kila ukimaliza, usiote utando mweupe.

Hatua ya 4: tengeneza spesa, chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo ili dawa isipotee kama ya yule bibi. Za dukani ni ghali, lakini Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi ile ile kwa watoto. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, uchome mpaka uwe mwekundu, kandamiza kwenye kitako cha chupa upate tundu linalobana, chomeka inhela, ziba pembeni kwa gundi au tepu. Chupa ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, dawa itaganda kwenye kuta za chupa.

Hatua ya 5: tikisa inhela, toa pumzi, ziba mdomo wa chupa kwa midomo yako, bonyeza MARA MOJA, vuta polepole, zuia ukihesabu mpaka 10. Mtoto apumue tu humo ndani mara 5 au 6. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndo upige ya pili.

Hatua ya 6: usiku mbaya. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka buluu, au anasinzia: piga ya buluu kwa chupa, wa miaka 6 kwenda juu mara 4 mpaka 10, wa miaka 5 kushuka chini mara 2 mpaka 6, moja moja, rudia kila dakika 20 huku SAFARI IMESHAANZA. Nyinyi wa Pate na Faza mnanielewa, maji yakitoka kwenye mkondo wa Mkanda boti haipiti, kwa hiyo namba ya nahodha iwe kwenye simu leo, na mgonjwa akianza kubana jioni msingoje muone usiku utakuwaje, pakieni.