Treni ya DCC ikichomoka yenyewe

Treni yako ndogo ya DCC (mfumo wa kuendesha treni za modeli kwa amri za kidijitali) ikisitasita, kisha ikachomoka ghafla kwa kasi ya mwisho, usikimbilie kununua dekoda mpya, yaani kile kifaa ndani ya injini kinachopokea amri. Mara nyingi ni uchafu tu. Lowesha kitambaa kidogo kwa spiriti, kitandaze juu ya reli. Magurudumu ya nyuma yabaki kwenye reli tupu yapate umeme, ya mbele yazunguke juu ya kitambaa. Utaona mistari myeusi kama masizi ya sufuria! Kisha geuza injini.

Ule mchomoko nao una dawa yake. Umeme ukikatikakatika, dekoda inaweza kudhani iko kwenye reli za DC ya kawaida, yaani umeme mtupu usio na amri, ikaiachia injini kasi yote. Soma CV29, moja ya namba za mipangilio ya dekoda, ukikuta 6, andika 2. Hapo umezima DC. Mimi hufanya hivyo kwa kila injini mpya, hata kabla haijanisumbua.