Jinsi ya kutafiti kodi za vyumba Dar es Salaam ukapata namba za kweli

Mimi ni mthamini wa majengo. Kila msimu wa tasnifu unapofika, hunijia vijana wa uchumi, mipango miji na uthamini wanaotaka kutafiti soko la nyumba la Dar es Salaam. Wengi huja wameshachagua modeli ya regresheni, yaani hesabu ya takwimu inayopima kila sifa inachangia kiasi gani kwenye bei, kabla hawajajua bei wataitoa wapi. Wote nawaambia jambo moja: katika mji huu chumba kimoja kina bei zaidi ya moja. Ipo anayoitaja dalali, ipo waliyokubaliana mpangaji na mwenye nyumba, ipo iliyoandikwa kwenye mkataba, na ipo ile ambayo mpangaji hasa imemtoka mfukoni kwa mwaka mzima. Ukiziweka zote kwenye safu moja ya jedwali, utafiti umekufa kabla ya kuanza.

Tuchukue swali moja tulifanyie kazi: je, mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia zake maalumu, umepandisha kodi za vyumba kando ya barabara ya Morogoro? Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, njia ya kwanza ikiwa na kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Tarehe inajulikana, vituo vinaonekana, watu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla. Swali la namna hii linatafitika. "Sababu za kupanda kwa bei za nyumba Tanzania" halitafitiki kwa muda ulionao, mdogo wangu, hata uwe hodari vipi.

Chagua kodi, usichague bei ya mauzo. Ushuru wa stempu na kodi ya faida hukokotolewa kutokana na thamani ya mauzo, kwa hiyo wanaouziana wana kila sababu ya kuandika pungufu. Tena katika mitaa isiyopimwa mauziano mengi huishia kwenye karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, bila kufika kwa msajili wa hati. Ndiyo maana njia ya kufuatilia nyumba ileile iliyouzwa mara mbili, waliyoianzisha wachumi Bailey, Muth na Nourse mwaka 1963 na baadaye Case na Shiller wakaiendeleza Marekani, kwetu haina pa kusimama: inataka daftari la mauzo lililojaa na linaloaminika. Njia inayotufaa ni ile ya kuigawa kodi katika sifa za chumba, ambayo nadharia yake iliwekwa vizuri na mchumi Sherwin Rosen mwaka 1974. Kodi ya chumba ni jumla ya thamani ya ukubwa wake, choo chake, umeme wake, maji yake na mahali kilipo. Wewe unatafuta sehemu ya kodi inayotokana na kuwa karibu na kituo.

Kibali usikichezee. Barua ya chuo inakwenda kwa katibu tawala, inashuka kwa mkurugenzi wa manispaa, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa. Ukifika mtaani, mwone mwenyekiti na umwombe mjumbe akutambulishe. Wenye nyumba wanaogopa mtu wa kodi ya mapato, na kijana mwenye kishikwambi anayeuliza unapangisha vyumba vingapi na kwa bei gani anafanana sana na mtu huyo. Salimu kwanza, shikamoo mama, kaa ukikaribishwa, onyesha barua, eleza kwamba jina halitaandikwa. Mahojiano ya kusimama mlangoni huzaa majibu ya kusimama mlangoni.

Sasa dodoso, na hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi. Usiulize "kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Ukiuliza hivyo utapewa bei ya mazoea. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kulipa, ulitoa shilingi ngapi kwa mkupuo, na ni za miezi mingapi?" Halafu: "Ulipoingia, dalali ulimpa kiasi gani?" "LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mnachangia au una mita yako?" "Maji, ulinzi na taka unalipa pembeni?" "Kuna kitu ulitengeneza kwa fedha yako, rangi au dirisha, mwenye nyumba akakukatia kwenye kodi?" Kila jibu lipewe safu yake.

Masharti haya ni fedha halisi, tena nyingi. Tuseme vyumba viwili vyote vinaitwa vya laki moja kwa mwezi. Cha kwanza unalipa miezi sita mbele, cha pili mwaka mzima. Tuseme pia mpangaji akikopa mtaani hutozwa asilimia 3 kwa mwezi. Ukihesabu riba hiyo, shilingi 600,000 alizozitoa leo kwa chumba cha kwanza ni sawa na mtu anayelipa kila mwanzo wa mwezi takriban 107,500. Shilingi 1,200,000 za chumba cha pili ni sawa na takriban 117,000 kwa mwezi. Ongeza dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja: mpangaji akikaa mwaka mmoja tu, mwezi huo unaongeza zaidi ya shilingi 8,000 kwa kila mwezi aliokaa, na akikaa miaka minne unaongeza kama 2,000. Vyumba hivi vina kodi tofauti, na anayeandika 100,000 kwa vyote viwili amefuta kitu alichokuja kukitafuta. Fanya hesabu kwa viwango viwili au vitatu vya riba uone kama matokeo yako yanayumba.

Eleza aina ya chumba kwa maneno wanayotumia wapangaji wenyewe: chumba kimoja cha uani, chumba na sebule, masta (chumba chenye choo chake ndani), nyumba nzima ndani ya fensi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na choo cha pamoja uani ni soko lake. Apatimenti ya Sinza yenye tailizi ni soko jingine. Hesabu kaya zinazotumia choo kimoja. Uliza kama maji ya mvua huingia ndani, kwa sababu kwa mitaa inayopakana na bonde la Msimbazi mafuriko ni sifa ya nyumba kama lilivyo bati lake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 ukishirikisha wanafunzi wa vyuo vyetu, uliacha ramani za wazi za majengo na mitaro ya mitaa mingi ya Dar es Salaam, na unaweza kuzifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, bila kulipa chochote. Umbali hadi kituo upime kwa njia ya kutembea. Mstari ulionyooka kwenye ramani utakuvusha korongo ambalo mama mwenye mtoto mgongoni halivuki.

Usiwategemee madalali peke yao kukupa sampuli. Dalali anajua vyumba vilivyo wazi leo, na vyumba hivyo vina bei ya leo. Mpangaji aliyekaa miaka saba na mama mwenye nyumba mara nyingi analipa pungufu, maana kupandishiana kodi na mtu mnayezikana si jambo jepesi. Pata orodha ya nyumba za mtaa, chagua kwa bahati nasibu, na muda wa kukaa uwe swali la lazima. Madalali wahoji pia, lakini kama mashahidi wa soko la vyumba vilivyo wazi. Bei zao zibaki kwenye jedwali lao.

Hapo ndipo tunafika kwenye kuthibitisha kwamba ni mwendokasi. Unahitaji mitaa iliyo karibu na vituo na mitaa inayofanana nayo iliyo mbali, kabla na baada ya 2016, ulinganishe mabadiliko ya huku na ya kule. Lakini angalia yaliyotokea wakati uleule. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na waliobomolewa wakawa watafuta vyumba jirani. Aprili 2017 zikazinduliwa hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zenye nafasi 3,840, ambazo ziliondoa wanafunzi kwenye vyumba vya mitaa inayozunguka chuo. Serikali nayo ilikuwa inahamia Dodoma. Tukio la kwanza linaongeza kodi Kimara, la pili linaweza kuipunguza Sinza na Ubungo, la tatu linagusa mitaa ya watumishi. Mtafiti asiyeishi na kumbukumbu hizi atayapa mabasi sifa, au lawama, za mambo mengine kabisa. Kwa hiyo gawanya njia vipande: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, kila kimoja kisomwe peke yake kabla ya kujumlisha.

Kodi za kabla ya 2016 utazipata wapi? Wenye nyumba wengine wana madaftari ya stakabadhi. Omba kuyaona kwa adabu. Kumbukumbu za mdomo ziambatanishe na tukio: "Mwaka ambao mtoto huyu alianza darasa la kwanza, mlikuwa mnalipa ngapi?" Kwa mwenendo wa mkoa mzima, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina data za kaya za utafiti wa jopo, yaani unaorudia kuzihoji kaya zilezile, ulioanza 2008/09, zenye maswali ya makazi na kodi, ila mahali zilipo kaya pamesogezwa kidogo kulinda siri, hivyo hazifai kupimia umbali wa kituo. Kodi zote zipunguziwe mfumuko wa bei kwa kutumia fahirisi ya bei za mlaji ya ofisi hiyohiyo.

Neno fupi kuhusu mikopo, maana wasimamizi hupenda kuiuliza. Mikopo ya nyumba Tanzania iko chini ya asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Nyumba nyingi zinajengwa kwa akiba, kikoba, SACCOS au mkopo wa mshahara: kiwanja mwaka huu, msingi na jamvi mwakani, pagale likae hadi fedha ya kupaua ipatikane. Ukitaka kujua mtaji wa mwenye nyumba, muulize hatua kwa hatua na mwaka wa kila hatua. Usiweke riba ya benki kwenye modeli kwa sababu tu wenzetu wa Ulaya wameiweka.

Katika uchambuzi, tumia logi (logarithimu asilia) ya kodi badala ya kodi yenyewe. Modeli ikikupa kigawo, yaani namba ya uzito wa sifa hiyo, cha 0.12 kwa vyumba vilivyo karibu na kituo, tafsiri yake ni kodi kubwa zaidi kwa asilimia 12.7. Vyumba vya nyumba moja vina mwenye nyumba mmoja na choo kimoja, kwa hiyo havihesabiki kama mashahidi wasiojuana. Makosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yako yanavyoweza kuyumba, yakusanye kwa nyumba au kwa mtaa. Programu ya R inafanya yote haya, nayo ni ya bure.

Kabla hujakabidhi data kwa mtu yeyote, futa namba za simu, ondoa viwianishi vya nyumba, yaani namba za GPS za mahali ilipo, ubaki na jina la mtaa na umbali wa kituo, na madaftari ya wenye nyumba uliyoyapiga picha yafutwe kwenye simu yako. Nakala moja ya matokeo, kurasa mbili kwa Kiswahili, ipeleke ofisi ya mtaa uliokupokea.