Kabla hujaongeza dawa kwenye oili, ikumbuke klachi

Pikipiki yangu ni Honda CG125, kuukuu kiasi kwamba tangi nimeshalipaka rangi mwenyewe mara mbili. Klachi yake nimeifungua mara tatu, na mara mbili za kwanza ubovu niliumimina kwa mkono wangu.

Ilianza kwa kelele: injini ilikuwa inagonga tiki-tiki upande wa valvu. Mtu akaniambia niongeze chupa ya dawa ya kupunguza msuguano, ile wanayoweka kwenye magari. Kweli, kelele ilipungua, nikafurahi. Siku ya tatu nikiwa napanda mlima na gia ya mwisho, navuta mafuta, injini inapiga ukelele lakini mwendo uko palepale. Nikajua pleti za klachi, zile sahani zinazoshikana, zimekwisha. Nikanunua mpya, nikafunga, na wiki haikuisha zikateleza kama za kwanza. Oili nilikuwa nimeimwaga ili nifungue kava, kisha kwa ubahili nikairudisha ileile.

Kwenye gari la gia za mkono, klachi kwa kawaida ni kavu na iko nje ya oili ya injini. Pikipiki nyingi si hivyo: pleti zinaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Pistoni inataka utelezi, pleti zinataka kushikana, na oili moja inawahudumia wote wawili. Dawa yenye molibdenamu, grafiti au PTFE (tefloni) haichagui pa kutelezesha. Zipo pikipiki zenye klachi kavu, kama zile BMW za zamani zenye silinda mbili zinazotokeza pembeni, na zipo za "tu-stroki" ambazo klachi huogea kwenye oili ya gia peke yake. Ijue ya kwako kwanza.

Sasa chupa. Usisome maandishi makubwa ya mbele, geuza nyuma. Tafuta alama ya JASO, kipimo cha Wajapani kilichoanza mwaka 1998 baada ya oili za magari kuwa telezi mno kwa klachi za pikipiki. MA na MA2 ni za klachi inayolowa, na MA2 ndiyo yenye mshiko zaidi. MB iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yao haigusi oili ya injini. Kama hakuna JASO, tazama duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani: ukikuta nusu ya chini imeandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving", rudisha chupa rafuni. Maneno hayo utayakuta zaidi kwenye oili nyepesi kama 5W-30, na kwenye nzito kama 20W-50 ni nadra.

Kuna wanaoapa kwamba oili ya sinthetiki ndiyo inayotelezesha klachi. Si kweli. Sinthetiki yenye MA2 inashika vizuri kabisa, ila pikipiki kuukuu yenye sili zilizochoka inaweza kuivujisha pale oili ya kawaida ilipokuwa imetulia. Wengine husema injini za zamani zinahitaji kuongezewa zinki. Zinki na fosforasi hulinda kamu, ile inayosukuma valvu, hilo sibishi, lakini JASO tayari imeweka fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12. Chupa ya pili ya nini?

Kubadilisha oili hakuna siri: injini ikiwa ya moto, pikipiki imesimama wima, fungua bolti ya chini na uweke washa (pete ya kuzibia) mpya unapofunga. Cha maana ni kuitazama oili inayotoka. Nusa. Ikinuka petroli, kabureta inavujisha na petroli inashuka kwenye injini, kwa hiyo tengeneza hilo kwanza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji, mara nyingi kwa sababu ya safari fupi zisizopasha injini. CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ambacho hutupa uchafu ukutani mwake. Mara ya kwanza kukifungua nilikuta tope zito kama dongo la mfinyanzi. Yangu inachukua kama lita moja tu ya oili, hivyo uchafu kidogo ni mwingi. Unapopima kiwango cha oili, kijiti kinaingizwa bila kukazwa nyuzi. Za aina nyingine hukazwa, kitabu chake kitakwambia.

Kabla hujalaumu oili wala pleti, shika mkono wa klachi. Ncha yake inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Isipocheza kabisa, klachi inabaki imevutwa nusu na itateleza hata kwa oili bora kuliko zote. Ikicheza mno, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na nyutro haipatikani. Hapo ni spana na dakika tano.

Kama dawa imeshaingia, fanya nilivyofanya mara ya pili. Mwaga oili, weka ya MA ya bei ya chini, tembea siku mbili tatu, mwaga tena. Ikiendelea kuteleza, toa pleti uzioshe kwa petroli, nje, mbali na moto wowote. Zile za chuma zilaze juu ya kioo: iliyopinda itayumba, iliyogeuka buluu imeungua, zote hazirudi. Pima na urefu wa springi, kwani zikifupika hazibani. Pleti mpya zilaze ndani ya oili usiku kucha kabla ya kufunga. Bolti za springi kaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Ni nyembamba na hazitaki ubabe. Moja niliikata, na kuitoa kulinigharimu Jumapili nzima.

Mara ya tatu kufungua haikuwa kosa langu. Meno ya pleti yalikuwa yamechimba vishimo kwenye bakuli la klachi linalozishika, zikawa zinakwama badala ya kuachiana. Nilisawazisha kwa tupa laini, mkono mwepesi. Vingekuwa na kina zaidi, ningebadilisha bakuli lote.

Na ile tiki-tiki? Nafasi ya valvu ilikuwa imepanuka. Niliirekebisha asubuhi moja injini ikiwa baridi, kabla chai haijachemka.