Kufunga swichi ya kukata betri kwenye gari ya zamani: swichi ni rahisi, kazi iko kwenye ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari)

Nimetoka kumfungia mzee mmoja wa Kigamboni swichi hii kwenye Land Rover Series III yake, naandika sasa hivi kichwa kikiwa bado cha moto. Kama gari yako inalala wiki mbili tatu bila kuguswa na waya ni zilezile za kiwandani zenye mpira uliokakamaa, funga hii kitu. Waya mnene wa stata hauna fyuzi kabisa, ukichubuka ukagusa bodi hakuna cha kukata umeme, kinachofuata ni moto.

1. Kununua

Zile zinazokaa juu ya tamino ya betri zenye kifundo cha kijani mimi sizifungi, kwa barabara zetu zinalegea mapema. Chukua ya duara yenye ufunguo mwekundu na bolti mbili nyuma, na ukienda Kariakoo nenda na sumaku mfukoni. Ikinasa kwenye zile bolti, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi ya shaba, mrudishie muuzaji. Stata ya petroli inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi, kwa hiyo soma namba zote mbili: ya kudumu, na ya sekunde chache, mfano 100 na 500. Dizeli itake kubwa zaidi. Waya uwe wa shaba, nyuzi nyingi, milimita mraba 35.

2. Jua ethi yako ni ipi

Series III ni negativu. Ila Morris Minor na Land Rover nyingi za kabla ya 1967 ni pozitivu ndiyo inaenda kwenye chesisi, kwa hiyo usifuate mazoea, fuata waya kwa macho hadi unapoishia. Swichi inakaa upande wa ethi, kati ya betri na chesisi, maana ukishakata hapo hata spana ikiteleza ikagusa bodi haitoi cheche.

3. Kufungua na kufunga

Ethi inatoka kwanza, inarudi mwisho. Vua saa na pete. Kwenye Series beba na spana za inchi. Chagua sehemu mkono unafika haraka, mbali na kabureta, toboa, funga. Lagi (vile vichwa vya chuma vyenye tundu mwisho wa waya) zibanwe kwa mashine ya haidroliki, siyo nyundo, na siyo risasi ya kulehemu peke yake kwa sababu muungano ukipata moto risasi inayeyuka.

4. Ethi yenyewe, hapa usikimbie

Watu wengi wanafunga swichi vizuri halafu stata inakokota, wanalaumu swichi, wananunua nyingine, bado inakokota. Umeme unaotoka betri kwenda stata lazima urudi, na injini imekaa kwenye mpira, haigusani na chesisi kwa chuma, kwa hiyo lazima kuwe na waya mnene mwingine kutoka injini au gia boksi kwenda chesisi. Kwenye gari ya mzee huo waya ulikuwa umebaki nyuzi chache za kijani, tukapiga stata, ikazunguka kwa shida, na waya wa choki ukaanza kutoa moshi pale unapopita kwenye dashibodi, plastiki yake ikawa laini kama ubani uliotafunwa. Umeme ulikuwa umekosa njia ukapita humo. Ukiona waya wa choki au wa pedali ya mafuta unapata joto wakati wa stata, acha hapohapo, usijaribu tena mpaka ufunge ethi mpya ya injini.

Sehemu unayofunga ethi piga msasa mpaka chuma king'ae, rangi yote itoke, kutu yote itoke, kaza, halafu ndiyo upake grisi juu, siyo kabla. Kwenye Land Rover usifunge kwenye bodi maana ni aluminiamu, na aluminiamu na shaba zikikutana kwenye hewa ya chumvi ya huku pwani zinalana, funga kwenye chesisi. Na tamino za betri zikiwa na ule unga mweupe zioshe kwa magadi na maji ya moto kwanza, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa.

Halafu angalia kama kuna waya mdogo wa ethi ulioachwa kwenye tamino. Upo mara nyingi. Wote uhamie upande wa pili wa swichi, ule wa chesisi, la sivyo ukizima swichi taa bado zinawaka, na ukipiga stata ule waya mdogo ndio utabeba mzigo wote, utaungua.

5. Kupima

Zima swichi: honi, taa, vyote viwe kimya. Washa, weka mita kwenye volti, ncha moja kila bolti ya swichi, mwenzio apige stata. Ikizidi 0.2 kuna kitu hakijabana au swichi ni mbovu. Rudia kutoka tamino ya ethi ya betri hadi chuma cha injini, hapo ikizidi 0.5 rudi hatua ya 4.

Usizime swichi injini ikiwa inawaka, volti inaruka na daiodi za altaneta zinaungua. Na kwa vile ufunguo mwekundu wa swichi moja mara nyingi unaingia hata kwenye nyingine ya aina hiyo, usiihesabu kama ulinzi wa wizi, gari endelea kuifunga kama kawaida.